Herufi L kwenye majibu ya damu zetu

Karatasi ya picha kamili ya damu, ile ambayo sisi watu wa maabara tunaiita FBP kutwa nzima, husomwa kwa safu. Kushoto kuna jina la kipimo, kisha jibu, kisha viwango vya kawaida. Jibu likitoka nje ya viwango hivyo, mashine huweka alama pembeni: H likiwa juu, L likiwa chini. Kwenye mstari wa nyutrofili, L ni alama ninayokutana nayo karibu kila siku ya kazi. Anaipata dereva wa bodaboda aliyekuja kupimwa kwa ajili ya bima. Anaipata binti anayetafuta cheti cha afya aende chuo. Anaipata mchangiaji damu ambaye hajawahi kulazwa tangu azaliwe. Wote wamekuja kwa miguu yao, hawana homa wala kidonda, na karatasi inawaambia kwamba kinga yao iko chini.

Wengi hawaelezwi kitu. Wengine huelezwa nusu nusu, wakarudi nyumbani wakiamini wana saratani ya damu au UKIMWI ambao kipimo cha kwanza kilishindwa kuuona. Hofu hiyo inaniuma, kwa sababu maelezo yapo, yamechapishwa siku nyingi, na yanahusu damu yetu kuliko damu ya karibu watu wengine wote duniani.

Nyutrofili ni seli nyeupe za mstari wa mbele. Bakteria wakiingia kwenye jeraha, ndizo zinazowahi kufika. Huwameza, huwaua, na nyingi hufia palepale. Usaha wa jipu kwa sehemu kubwa ni mabaki yake. Uboho wa mtu mzima hutengeneza takriban bilioni 100 kwa siku. Vitabu vingi huweka mpaka wa chini kati ya 1,500 na 2,000 kwa kila maikrolita ya damu, na chini ya hapo mtu anaambiwa ana nyutropenia. Chini ya 500 hatari ni ya kweli na haina mjadala: mtu wa namna hiyo akipata homa apelekwe hospitali usiku huohuo. Lakini kati ya 1,000 na 1,500 kuna mamilioni ya watu wazima wa Afrika wanaoishi, wanalima, wanazaa na kuzeeka bila kuugua maambukizi zaidi kuliko majirani zao.

Kinachowaweka hapo ni jeni moja, na historia yake ilianzia mbali na nyutrofili. Mwaka 1950, London, Marie Cutbush, Patrick Mollison na Dorothy Parkin walikuta kingamwili ngeni kwenye damu ya mgonjwa wa hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, aliyekuwa ameongezewa damu mara kadhaa. Jina lake la ukoo, Duffy, ndilo likawa jina la kundi jipya la damu. Mwaka 1955 watafiti wakaona kwamba Wamarekani weusi wengi hawana alama yoyote ya Duffy kwenye seli nyekundu, wala Fya wala Fyb, zile aina mbili za alama hiyo. Kwa miaka 20 hivi jambo hilo likabaki mali ya benki za damu. Kisha Louis Miller na wenzake wakaonyesha, mwaka 1975 na 1976, kwamba kimelea cha malaria aina ya vivax huhitaji kuishika protini ya Duffy ili kiingie kwenye seli nyekundu. Isipokuwepo, hakina pa kushika. Fumbo la vivax kuwa adimu Afrika Magharibi na ya Kati, wakati imejaa Asia na Amerika ya Kusini, likapata jibu.

Hapo ndipo watu wengi wanaoijua habari ya Duffy huishia. Kwangu mimi inanoga zaidi baada ya hapo. Mwaka 1993 iligundulika kwamba protini hii ni kipokezi cha kemokini, yaani zile protini ndogo ambazo tishu hutoa ili kuziita seli za kinga ziende mahali fulani. Kipokezi cha Duffy hakipitishi ujumbe ndani ya seli kama vipokezi vingine. Kazi yake ni kuzikamata kemokini, kuzihifadhi, kuzisogeza, na hivyo kupanga ni wito kiasi gani unazunguka mwilini. Kwa maneno mengine, jeni tuliyoizoea kama kundi la damu ni mojawapo ya jeni zinazoratibu kinga. Siku hizi inaitwa ACKR1, nayo ipo kwenye kromosomu ya 1.

Mwaka 1995 chanzo cha Duffy kukosekana kikapatikana. Ni badiliko la herufi moja ya DNA, T kuwa C, mahali ambapo jeni huwashwa ndani ya seli zinazoandaliwa kuwa nyekundu. Jeni yenyewe ni nzima. Ndiyo maana mtu asiye na Duffy kwenye seli nyekundu bado anayo kwenye kuta za vimishipa vidogo vya damu. Ndiyo maana pia wagonjwa wetu wa selimundu, wanaoongezewa damu mara kwa mara, ni nadra kutengeneza kingamwili dhidi ya Fyb: miili yao inaifahamu tayari, ingawa ukipima seli zao nyekundu huioni. Kila nikifikiria hilo nastaajabu upya. Herufi moja, imezima kitu katika aina moja tu ya seli, na mwili mzima ukajipanga upya kuizunguka.

Badiliko hilo, likirithiwa kwa baba na kwa mama, ndilo linaloshusha hesabu ya nyutrofili. Uthibitisho ulikuja mwaka 2008 na 2009 kutoka tafiti za Wamarekani wenye asili ya Afrika, na njia iliyotumika ni nzuri mno. Watu hawa wana vipande vya kromosomu kutoka Afrika na vingine kutoka Ulaya, vimechanganyika kwa viwango tofauti. David Reich na wenzake walipopita kromosomu zote, waliona kwamba hesabu ndogo ya nyutrofili inafuata mahali pamoja tu, penye jeni ya Duffy. Mtu mwenye nakala mbili za badiliko lile alikuwa na hesabu ndogo, hata kama sehemu kubwa ya ukoo wake ilitoka Ulaya. Asiye nazo alikuwa na hesabu ya kawaida ya vitabuni, hata kama ngozi yake ni nyeusi tititi. Takriban theluthi mbili ya Wamarekani weusi wana nakala zote mbili. Theluthi moja hawana, na daktari akiwatazama kwa macho hawezi kuwatofautisha.

Je, nyutrofili zilizobaki zimekwenda wapi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliotumia panya na damu za watu, ulionyesha kwamba kukosekana kwa kipokezi hiki kwenye seli changa za damu ndani ya uboho hubadilisha jinsi nyutrofili zinavyokomaa, na zikishatoka huondoka haraka kwenye damu kuingia kwenye tishu. Uboho wa watu hawa ukichunguzwa unaonekana wa kawaida. Sasa fikiria unasimama Ubungo na kuhesabu daladala zilizoegeshwa kituoni. Ukikuta chache, huwezi kusema jiji halina daladala. Huenda nyingi zaidi zipo barabarani zikifanya kazi. Sindano yetu inahesabu kituo tu.

Ilipotokea kwa mtu wa damu yangu ndipo nilipoelewa kwamba hesabu hii ya kituo inaumiza watu. Shangazi yangu, dada wa baba, alianza kemo kwa ajili ya saratani ya titi. Ratiba ilikuwa dozi kila wiki tatu, na kabla ya kila dozi alipimwa damu. Dozi ya pili ikaahirishwa. Akaambiwa damu imeshuka, arudi wiki ijayo. Akarudi, ikaahirishwa tena. Alinipigia simu jioni, sauti imechoka. "Mwanangu, mimi nakula maini, nakunywa rosella mpaka midomo imekuwa myekundu, hiyo damu inashukia wapi?" Nilimwomba anitumie picha za karatasi zote alizonazo. Hemoglobini yake ilikuwa nzuri kabisa, maini na rosella vilikuwa vimefanya kazi yake. Kilichokuwa na L kilikuwa kile kile, nyutrofili, 1,200. Nikarudi nyuma mpaka karatasi ya kabla ya dozi ya kwanza, kabla dawa yoyote haijaingia mwilini mwake. Ilisema 1,300.

Dawa ilikuwa haijamshusha popote. Alikuwa amerudi pale alipokuwa siku zote. Nilimwandikia barua fupi aipeleke kwa daktari bingwa pamoja na karatasi zote mbili, nikaziwekea duara kwa kalamu nyekundu. Yule daktari alizisoma, akamuuliza maswali machache kuhusu maambukizi ya zamani, akaandika kwenye faili kwamba mpaka wake utakuwa wa chini zaidi. Dozi iliendelea. Lakini zile wiki zilikuwa zimekwishapotea, na saratani haisubiri mtu.

Mpaka wa 1,500 umeandikwa kwenye miongozo mingi ya dawa na kwenye masharti ya majaribio mengi ya tiba za saratani. Maana yake, mgonjwa asiye na Duffy kwenye seli nyekundu, kama wengi wetu, anaweza kukataliwa kuingia kwenye jaribio, au akapunguziwa dozi, kwa sababu ya jambo alilozaliwa nalo. Klozapini, dawa ya ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia inayosaidia pale nyingine zilipogonga mwamba, ilikuwa na shida hiyo kwa miaka mingi, kwa kuwa inaweza kushusha nyutrofili na masharti yake yalikuwa makali. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka mipaka tofauti kwa watu wenye hesabu ndogo ya asili: kuanzishiwa dawa wakiwa na 1,000 badala ya 1,500, na kusimamishiwa wakishuka chini ya 500 badala ya 1,000. Hatua hiyo ni kubwa kwangu, kwa sababu ilikubali kwamba watu wawili wenye namba moja kwenye karatasi wanaweza kuwa katika hali mbili tofauti.

Viwango vya kawaida hutoka wapi? Hutoka kwa watu wenye afya waliopimwa mahali fulani. Mashine inakuja na viwango vilivyokwishawekwa kiwandani, na kwa sehemu kubwa vilipatikana kwa damu za Ulaya na Marekani. Vinaweza kubadilishwa, kwenye mashine nyingi ni suala la kuingia sehemu ya mipangilio na kuandika namba nyingine. Wala hatuwezi kusema hatuna namba nyingine. Mwaka 2008 vilichapishwa viwango vya watu wazima wenye afya kutoka Mbeya. Mwaka 2009 vikachapishwa vya Rwanda, Kenya, Uganda na Zambia, vilivyokusanywa ili kuandaa majaribio ya chanjo ya VVU. Mpaka wa chini wa nyutrofili katika kazi ya namna hii huku kwetu huangukia karibu na 1,000. Waliofanya kazi hiyo walisema wazi kwamba ukitumia vipimo vya Marekani unawakataa watu wengi ambao hawana ugonjwa wowote. Na bado, zaidi ya miaka 15 baadaye, bado nakutana na karatasi zenye mpaka wa 2,000 kutoka vituo vya ndani ya mikoa yetu wenyewe. Hilo halina utetezi.

Duffy si jeni pekee ya kinga inayotofautiana baina ya watu. Ipo nyingine ambayo nadhani Mswahili yeyote angependa kuijua, kwa kuwa sehemu ya habari yake inatoka kwa watoto wa Kenya. Inaitwa FCGR2B. Hutengeneza kipokezi kinachozituliza seli za kinga zisizidishe ukali. Kuna toleo lake lenye badiliko dogo ambalo hufanya utulizaji huo usifanye kazi sawasawa. Mwaka 2010 ilichapishwa taarifa kwamba watoto wa Kenya wenye nakala mbili za toleo hilo walikuwa na uwezekano mdogo, kwa karibu nusu, wa kupata malaria kali. Na toleo hilohilo, kwa watu wa Asia na Ulaya waliochunguzwa, lilihusishwa na kuongezeka kwa lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia ngozi, viungo na figo za mwenyewe. Ulaya wenye nakala mbili ni karibu mtu 1 kati ya 100. Afrika na Kusini-Mashariki mwa Asia, kulikokuwa na malaria kwa vizazi na vizazi, ni mara kadhaa zaidi.

Kinga kali imeokoa watoto, na kinga hiyohiyo inawafuata baadhi ya mabinti wakiwa na miaka 25. Nimewaona kwenye foleni, vipele vya rangi ya damu ya mzee vimekaa mashavuni na juu ya pua, vidole vimevimba asubuhi. Sasa angalia jinsi mambo yanavyofungamana: mgonjwa wa lupasi mara nyingi hupewa azathioprini, dawa ya kuituliza kinga, na hufuatiliwa kwa kuhesabu seli nyeupe. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wagonjwa wenye nakala mbili za badiliko la Duffy huachishwa dawa hiyo zaidi kwa hofu kwamba inaharibu damu. Mwanamke anaweza kurithi jeni inayomsogeza kwenye ugonjwa, na nyingine inayomfanya anyang'anywe dawa yake, na zote mbili inadhaniwa zilienea kwa sababu mababu zake waliishi na malaria.

Nahitaji kusema neno kuhusu hili la kusema "damu ya Kiafrika", kwa sababu naliogopa kama ninavyoogopa mipaka ya kiwandani. Afrika haina damu moja. Duffy imekosekana kwa zaidi ya watu 9 kati ya 10 katika maeneo mengi ya Afrika Magharibi, ya Kati na huku kwetu Mashariki, lakini Ethiopia na Madagaska watu wenye Duffy ni wengi, na vivax ipo. Kwa upande mwingine, ukivuka Bahari ya Shamu, wapo Wayemeni na Mabedui wengi wenye badiliko lilelile na hesabu ndogo ileile ya nyutrofili. Mipaka ya jeni haikufuata ramani za wakoloni wala rangi ya ngozi. Tena hata kinga ya vivax si kamili: vimelea vyake vimekutwa kwa watu wasio na Duffy Kenya ya magharibi na Madagaska.

Na si kila tofauti ya kinga ni ya kurithi. Hili tumelipata nyumbani, Kilimanjaro. Mwaka 2021 watafiti wa Moshi wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi walionyesha kwamba wakazi wa mjini wenye afya wana dalili nyingi zaidi za uchochezi, yaani kinga kuwaka, kwenye damu kuliko wakazi wa vijijini, na chakula kilikuwa na mkono katika hilo. Kisha wakafanya jaribio, matokeo yakatoka mwaka 2025. Wanaume 77 walishiriki. Waliozoea chakula cha kijijini, ndizi, kunde, mboga za majani, walipewa vyakula vya mjini vya kusindikwa kwa wiki mbili. Wa mjini wakapewa vya kijijini. Wengine wakanywa mbege, pombe ya asili ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja. Wiki mbili tu za chakula cha mjini zilipandisha dalili za uchochezi na kudhoofisha namna seli zinavyojibu vimelea. Waliorudi kwenye chakula cha asili, na waliokunywa mbege, walikwenda upande wa pili. Jeni zao hazikubadilika hata herufi moja.

Kwa hiyo nikiulizwa kipi kifanyike, sitaki fomu iwe na kisanduku cha kabila au rangi. Nataka kila maabara ya mkoa ithibitishe viwango vyake kwa watu wazima wenye afya wa eneo lake, kazi ambayo kwa kipimo kama FBP haihitaji mashine mpya. Nataka kipimo cha Duffy, ambacho benki za damu kubwa tayari wanaweza kukifanya, kipatikane kwa mgonjwa anayekaribia kuanza kemo, klozapini au azathioprini. Baadhi ya madaktari wa damu wa Marekani, akina Lauren Merz, wanasukuma tuache kuiita hali hii nyutropenia, tuseme tu kwamba ni hesabu ya nyutrofili inayoendana na kutokuwa na Duffy. Nakubaliana nao kabisa. Mtu ambaye haumwi asipewe jina la ugonjwa kwenye faili lake.

Wewe unayesoma, kama una karatasi yenye L kwenye nyutrofili, usiitupe na usikae nayo peke yako. Mpelekee daktari, kwa sababu zipo sababu nyingine za kushuka: VVU, dawa fulani, upungufu wa vitamini B12, maradhi ya uboho. Tafuta na karatasi za zamani, hata za miaka mitano iliyopita, hata iliyokunjwa kwenye Biblia au ndani ya bahasha ya kadi ya kliniki. Hesabu iliyokaa 1,200 kwa miaka na hesabu iliyokuwa 4,000 mwezi uliopita ikawa 1,200 leo ni habari mbili tofauti, na daktari atazijua akiziona pamoja. Na kama unaanza dawa inayogusa damu, omba FBP kabla ya kidonge au dripu ya kwanza, kisha piga picha majibu yabaki kwenye simu yako.